Nani Anapumua?

Jumatatu ya pili ya Julai Mnara uliniarifu kwamba Siwema amehama kijiji. Asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimekutana naye akitoka bombani na ndoo kichwani, akaniamkia shikamoo, nikaitikia. Nikaisoma taarifa mara ya pili, nikasonya.

Kabla sijaendelea niseme jambo moja. Siwema ni jina la utotoni, na kwetu huku Newala jina la utotoni likishaachwa unyagoni halitajwi tena; anayekuita kwa hilo amekutukana mbele za watu. Hili nimeruhusiwa na mwenyewe kuliandika. Lipo jina jingine katika habari hii ambalo sikuruhusiwa, nalo hutalikuta.

Mimi ni Asumini Nandonde, mpimaji wa pumzi wa kijiji cha Mnyengelo. Watu huniita daktari na nimechoka kuwasahihisha. Kila mtoto wetu mwenye historia ya kifua huvaa ushanga mmoja wa kijivu, chini kidogo ya koo, na kila siku saa kumi na mbili asubuhi ushanga humwuliza, "Nani anapumua?" Mtoto hujibu jina lake. Ushanga hausikilizi jina tu. Hupima hewa iliyolibeba, mahali ilipokatika, na mluzi uliojificha nyuma ya herufi, kisha hupeleka vyote Mnarani. Mtoto akiwa amebanwa, Mnara huwateremsha nyuki wote walio ndani ya kilomita mbili kutoka alipo.

Nyuki wenyewe ni mashine, kila mmoja upana wa sinia, na jina wamelipata kwa mlio wao. Hupulizia salfa juu ya mikorosho inapochanua, maana bila salfa ukungu wa ubwiri unga hula maua yote na mwaka umekwenda. Salfa ikitua kwenye ua la mkorosho ni dawa, ila ikiingia kwenye kifua cha mtoto mwenye pumu inaweza kumzika. Ndiyo maana sheria ilisema mtoto kwanza, mkorosho baadaye. Ni sheria nzuri, hasa kwa aliyeitunga akiwa hana mkorosho hata mmoja.

Nililifungua jalada la Siwema. Lilianza ana miezi minne: mashavu mekundu, viwiko na nyuma ya magoti vimechubuka kwa kujikuna, ile ambayo watu huiita pumu ya ngozi. Mwaka na nusu, kaonjeshwa yai, midomo ikavimba. Miaka mitatu, korosho moja tu, mwili mzima ukajaa mabaka, na hiyo ni adhabu katika kijiji ambacho watoto hutembea na korosho mifukoni. Miaka mitano, yai likamsamehe, korosho haikumsamehe, na pua nayo ikaanza: chafya, macho kuwasha, mafua yasiyo na mwisho. Miaka sita, kifua. Sisi wapimaji huuita msafara, kwa sababu mara nyingi ni mwili uleule unaogombana na dunia, ugomvi unahama tu, kutoka ngozini kwenda tumboni, puani, hadi mapafuni. Watoto wengi hushukia njiani. Siwema hakuruka kituo hata kimoja.

Msimu uliopita wa kupulizia, pumzi zake peke yake ziliwalaza nyuki chini siku kumi na moja. Lakini baada ya msimu ule mistari ya jalada ilitulia kabisa. Mwezi wa sita aliingia unyagoni, ushanga ukavuliwa kwa idhini yangu, maana huko huingii na kitu cha utotoni, hata kama ni cha serikali. Mnara ukahesabu siku thelathini za kimya, ukaandika: *amehama*. Chini yake palikuwa na mstari mpya: *Mkazi mpya: Somoe, miaka kumi na mitatu. Historia: hakuna. Uangalizi: hauhitajiki.*

Hapo nikacheka. Waliojenga Mnara walifikiria radi, mchwa na wezi wa nyaya. Unyago hawakuufikiria. Msichana alikuwa ametoka na jina jipya, la somo wake aliyemfunda, kama ilivyo desturi. Kavaa ushanga, kaulizwa nani anapumua, kajibu kama mwali anavyotakiwa kujibu. Mnara umekatazwa na sheria kumtambua mtu kwa sauti. Humjua kwa jina analojipa. Wavulana wawili waliokwenda jando kabla yake walikuwa wamepona na kuvua ushanga mapema, kwa hiyo jambo hili halikuwahi kutokea.

Kicheko kilinikauka nilipokumbuka kwamba Alhamisi nyuki wanaruka.

*

Nilikwenda kwao jioni. Mama yake, Esha, alikuwa uani anapepeta mtama.

"Karibu, daktari. Umemfuata nani?"

"Nimemfuata mwanao, Mama Somoe." Nililitumia jina jipya makusudi, naye akafurahi waziwazi.

Nikamweleza yote, akasikiliza bila kuuweka ungo chini.

"Mnara haujakosea," akasema. "Yule mgonjwa hayupo. Tumemwacha kule."

"Mlichoacha kule ni jina, Mama Somoe. Mapafu yamerudi nyumbani."

"Ana miezi mingapi hajabanwa? Si umeandika mwenyewe?"

"Tisa. Nimeandika."

"Na wale wawili wa Bakari, si walipona?"

"Walipona. Wale ni wavulana."

Nikajaribu kumfafanulia. Utotoni wavulana ndio wanaoongoza kwa pumu, maana njia zao za hewa huwa nyembamba kuliko za dada zao. Wakibalehe vifua hupanuka, na wengi huachiwa. Kwa wasichana mizani hugeuka umri huohuo, wao ndio wanakuwa wengi. Wapo wanaotulia moja kwa moja, na wapo wanaotulia mwaka mmoja au mitatu kisha ikarudi, na ukimtazama mtoto leo huwezi kusema yupi ni yupi. Esha alikuwa anatazama mtama wake.

Somoe alitoka ndani akiwa amejifunga kanga mpya, nywele zinameta mafuta. Alikuwa amerefuka. Nilimpa mrija apulize, akapuliza, ukasoma themanini na nne kwa mia.

"Unaona," akasema mama yake.

Ningeishia hapo ingekuwa heri. Badala yake nikauliza, mbele ya mama mtu, "Siku zako zikikaribia, kifua kinakuwaje?"

Esha alinyanyua ungo, akaenda zake jikoni. Msichana akainamisha uso.

"Hayo nazungumza na somo wangu," akasema taratibu.

Nilikuwa nimekosea na nilijua. Mambo hayo binti hayasemi mbele ya mama, wala mama hayaulizi. Somo ndiye aliyewekwa kwa kazi hiyo. Mimi mwenyewe nimepita unyago, lakini miaka ishirini ya kupima vifua ilikuwa imenitia ufedhuli. Nikamwomba radhi, akaikubali. Kisha akaniuliza yeye.

"Ukiyaunganisha majalada, nyuki hawataruka?"

"Hawataruka siku utakayobanwa."

"Daktari, unajua shuleni waliniita nani? Ubwiri. Hata mwalimu alicheka. Nikikohoa hakuna aliyekuwa ananitazama mimi. Wote walitazama juu, kuona kama nyuki wanashuka." Alisema bila kulia, na ndipo iliponiuma. "Sasa nakohoa, mtu ananiambia pole. Wiki nzima hii naambiwa pole."

"Nasikia."

"Sheria inasema kuanzia miaka kumi na miwili niulizwe kabla jalada langu halijaguswa. Umeniuliza. Nimekataa."

Sheria hiyo nilimfundisha mimi, alipokuwa darasa la tano, nikiwa nimesimama mbele ya ubao na chaki mkononi.

*

Majalada mawili ya mtu mmoja huunganishwa kwa njia mbili. Ya kwanza, mwenyewe asimame mbele ya kipaza sauti atamke majina yote mawili: nilikuwa fulani, sasa ni fulani. Ya pili ni kidole gumba cha mpimaji, kwa dharura tu, na dharura maana yake mgonjwa yuko mbele yako anazidiwa. Hofu haimo katika maana hiyo. Kidole kikishabonyeza, saa na dakika huandikwa jaladani wala hazifutiki.

Kwa hiyo Jumatano nilikwenda kwa somo wake. Bi Somoe alikuwa na miaka hamsini na minane na ndiye aliyekuwa fundi wa nyuki wetu. Nilimkuta bandani, kawapanga nyuki arobaini chali sakafuni, anasugua matundu ya salfa kwa mswaki uliochakaa.

"Najua kilichokuleta, Asumini," akasema. "Ya mwali wangu sisemi."

"Sijauliza, dada."

"Utauliza."

"Mficha uchi hazai, Bi Somoe."

"Sijaficha uchi wangu. Natunza wa mwenzangu."

Akaendelea kusugua. Nilikaa juu ya gunia la salfa tupu, nikafikiri namna ya kuuliza bila kuuliza.

"Ile dawa ya kuvuta niliyokupa ukae nayo kule," nikasema. "Ni mali ya zahanati. Naomba unirudishie."

Mswaki ukasimama. Akajifuta mikono kwa kanga, akaingia ndani, akarudi na kile kichupa. Akakiweka mbele yangu polepole, upande wenye kihesabu ukiwa juu.

"Kifaa chako hicho," akasema. "Hicho si cha unyagoni. Kusoma unajua mwenyewe."

Nilimpa kikiwa na mipigo mia mbili. Ilikuwa imebaki mia moja thelathini na mmoja. Kihesabu huweka na tarehe: karibu mipigo yote ilirundikana kuanzia Juni kumi na mbili hadi kumi na tano. Siku nne. Kabla na baada ya hapo, kimya. Nikaongeza siku ishirini na nane kwa vidole, kama anavyofanya kila mwanamke, nikaangukia Jumatano hadi Jumamosi ya wiki ileile.

"Kesho utarusha?" nikamwuliza.

"Maua yameshaanza kuwa meupe. Kijiji kizima kimekubaliana Alhamisi. Nisiporusha niseme nini? Nikitaja sababu nimemtangaza mtoto. Niseme nyuki wameharibika, wote arobaini siku moja?"

"Basi azungumze na Mnara mwenyewe."

"Alitaje alilolizika? Hakuna somo aliyewahi kumwagiza mwali jambo kama hilo." Akaokota mswaki, akauweka tena. "Nitakwenda kulala kwao leo. Nipe mpaka nyuki waruke."

"Wanaruka saa moja."

"Basi mpaka saa moja. Usimguse mtoto kabla yangu. Niahidi."

Nikaahidi.

*

Alhamisi saa kumi na mbili kamili nilikuwa mbele ya kioo cha Mnara. Ushanga ukauliza, watoto wa Mnyengelo wakajibu mmojammoja. Zamu ya Somoe ilipofika jina lilitoka vipande viwili. "So," kisha kimya cha kuvuta hewa, "moe." Mnara ukaandika: *Mkazi bila historia. Sauti ya usingizi. Hatua: hakuna.*

Angekuwa na jalada moja, sauti ile ingewafunga nyuki palepale.

Nilingoja. Saa kumi na mbili na robo nilikwenda mlangoni, njia nyeupe, hakuna mtu. Na nusu nikaenda tena. Nikasikia bandani nyuki wanajipasha moto, wanapangwa na saa yao wenyewe, na nikaanza kuwaza kwamba mtoto amekataa, au Bi Somoe amechelewa kusema, au yupo chini sakafuni na wanampepea. Nilikuwa nimeona watoto wawili wakifa kwa pumu kabla Mnara haujaja. Mmoja alikuwa amekuja kwangu kwa miguu yake, anatabasamu.

Saa kumi na mbili na dakika thelathini na nane nikabonyeza kidole gumba.

*Majalada yameunganishwa kwa kidole cha mpimaji. Sababu?*

Nikaandika: dharura. Kazi ilikuwa imekwisha. Pumzi yoyote iliyobanwa ambayo ushanga au kipaza kingeinasa tena ingetosha kuwafunga nyuki.

Dakika kumi na moja baadaye waliingia. Bi Somoe alikuwa amemshika mkono, na msichana alikuwa anatembea huku mabega yamepanda, kama wanavyotembea wanaohesabu hewa. Nikakigeuza kioo upande wangu.

"Funga mlango," akaniambia Bi Somoe. "Washa hicho kipaza. Nimemwambia sitamwagiza jambo nisiloweza kulifanya. Natangulia mimi."

Hapo ndipo palikuwa mahali pangu pa kusema. Maneno mawili yalitosha: nimeshafanya, kaeni. Nilikuwa nayo mdomoni. Lakini ningeyasema, yeye angejua kwamba sikungoja, na msichana angejua kwamba sheria niliyomfundisha ubaoni huishia ubaoni. Niliona aibu, na kwa ajili ya aibu hiyo nikawasha kipaza.

Bi Somoe alisimama wima. "Nilikuwa," akasema, akalitaja jina, "sasa ni Somoe." Lilikuwa jina dogo, la mtoto, na halikuwa limetoka kinywani mwake kwa miaka arobaini na mitano. Msichana alimtazama somo wake kama mtu aliyemwona akivuliwa nguo hadharani, kisha akasogea kwenye kipaza.

"Nilikuwa Siwema," akasema. Akavuta hewa. Mluzi ule niliusikia kwa masikio yangu, bila mashine. "Sasa ni Somoe."

Kwenye kioo changu paliandikwa: *Limeshaunganishwa. Pumzi mbili. Amebanwa. Nyuki: chini.* Bandani mlio ukakatika.

Nilimkalisha, nikamvisha kinyago cha dawa. Hakuna chembe ya salfa iliyokuwa hewani, na bado kufikia saa nne alikuwa hawezi kulimaliza neno maji. Alikaa chini ya kinyago hadi saa saba mchana. Mama yake alikuja akakaa chini, akashika miguu ya mwanawe muda wote. Kama nyuki wangeruka asubuhi ile, ningekuwa naandika habari nyingine.

Ubwiri haukungoja nyuki wainuke: mikorosho ya bondeni haikupata kitu mwaka ule, na yapo majumba yaliyokaa miezi mingi bila kunisalimia. Msimu uliofuata Bi Somoe alibuni utaratibu wake: Somoe mwenyewe husema siku zipi ni njema na zipi si njema, kwa kumwambia somo wake tu, na kwenye mashamba ya karibu kina mama hupulizia kwa mabomba ya mgongoni siku hizo njema. Hakuna aliyeuliza siku hizo huchaguliwaje. Tukaenda hivyo.

*

Mtu akifikisha miaka kumi na minane, jalada ni lake. Somoe alikuja Jumatatu iliyopita. Pumu bado anayo, huivuta dawa yake asubuhi na jioni, na amekwisha kuchaguliwa chuo. Bi Somoe tulimzika masika yaliyopita.

Alisoma amesimama, tangu mashavu mekundu ya miezi minne. Nilimwona anatabasamu kwenye yai. Nilikuwa nimeipanga hotuba yangu kwa miaka mitano, na alipofika kwenye Alhamisi ile ikanitoka kichwani yote.

"Saa kumi na mbili na thelathini na nane," akasema.

"Ndiyo."

"Sisi tulifika saa ngapi?"

"Arobaini na tisa."

"Ulimwahidi mpaka saa moja. Aliniambia."

"Nilimwahidi. Niliogopa utakufa."

Akatikisa kichwa, akasoma mstari ule mara nyingine.

"Hilo nakuelewa," akasema. "Hata mimi nisingengoja. Lakini alipofungua mdomo wake, wewe ulikuwa umeshamaliza."

"Nilikuwa nimeshamaliza," nikasema.

"Na jina lake ulilisikia."

"Nililisikia."

"Unalikumbuka?"

"Nalikumbuka."

Akalifunga jalada, akalisogeza upande wangu wa meza.

"Lisahau," akasema, akaniaga kwa heshima zote, akatoka.

Nimejaribu. Ila kila siku saa kumi na mbili asubuhi ushanga unapouliza nani anapumua, kabla watoto hawajaanza kujibu, jina lile huja lenyewe, nami hubana midomo mpaka lipite.